Dainamo ya Land Rover kama Ushahidi wa Historia

Vitabu vingi vya historia ya magari husema kuwa enzi ya dainamo iliisha katika miaka ya 1960. Mwaka 1960 kampuni ya Chrysler ya Marekani ilifunga alternata kwenye gari lake la Valiant, na diodi za silikoni zikairahisisha kazi ya kugeuza umeme wa alternata kuwa wa kuchaji betri. Katika insha hii naonyesha kuwa nchini Uganda historia hiyo ilikwenda njia nyingine.

Ushahidi wangu ni Land Rover ya marehemu babu, ya mwaka 1964. Mwaka jana taa nyekundu ya chaji ilikataa kuzimika hata injini ikikimbia. Baba mdogo alitaka dainamo itupwe, ifungwe alternata. Nikamwomba tuipime kwanza.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mzee wa Katwe, Kampala. Alichomoa nyaya mbili za dainamo, D na F, akaunganisha pini zake kwa kipande cha waya, kisha akapima volti kati ya hapo na bodi. Kwa mwendo ule wa injini, sindano ilipaswa kupanda haraka. Ilikwama kwenye volti 4.

“Mwanangu,” akasema, “ingekuwa sifuri, ningetazama brashi. Ingekuwa moja, koili za sumaku. Nne ni aramecha. Regyuleta haina kosa, tumeshaitenga.”

Alipoifungua, koili moja ilikuwa imeungua. Lakini mimi nilishangazwa na jambo jingine: nyaya zilikuwa zimefungwa kwa uzi wa pamba, kwa mkono. Fundi akacheka. “Hii si ya kiwandani. Ilisukwa hapa hapa.”

Nilimuuliza bibi. Alikumbuka kuwa mwaka 1974 gari lilikaa juu ya mawe miezi mingi, mpaka babu alipouza ng’ombe wawili kumlipa msukaji. Kumbukumbu hiyo inaafikiana na mambo ya nchi. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Wengi wao ndio waliokuwa wenye gereji na maduka ya spea, na baadaye fedha za kigeni za kuagizia bidhaa zikaadimika. Kilichokuwa cha kutupwa kwingine, hapa kilisukwa upya.

Fundi aliisuka aramecha tena, akakwangua maika kati ya vipande vya shaba, akabadilisha brashi. Kabla ya kuwasha, aligusisha kidogo waya wenye moto wa betri kwenye pini ya F ili sumaku ikae upande wake. Injini ilipokolea, taa ikazimika. Baba mdogo hajataja alternata tena.

Jina la msukaji wa 1974 bibi amelisahau, wala halimo katika nyaraka zozote nilizosoma. Kazi yake ilichaji betri kwa zaidi ya miaka 40. Tukiandika historia ya teknolojia kwa kuhesabu uvumbuzi peke yake, watu kama yeye hawataonekana kamwe. Nashauri wenzangu tuanze kuwahoji mafundi wazee sasa, wangali hai.