Hesabu Iliyoanzia Msibani

Zamani, aliyetaka kuvuka Rufiji alisubiri pantoni pale Ndundu, na mto ukijaa alisubiri sana. Tangu mwaka 2003 kuna Daraja la Mkapa. Mimi nilishuka kabla ya kulifikia, Ikwiriri, kwa kuwa njia niliyokuwa naifuata haikuwa ya magari. Ilikuwa ya wadadisi wa nyumba kwa nyumba.

Mwishoni mwa miaka ya 1990 walipiga hodi vijijini humu kila baada ya miezi minne, katika eneo lenye watu wapatao 85,000. Nani kazaliwa, nani kahamia, nani katangulia mbele ya haki? Palipokuwa na msiba, matanga yalianuliwa kwanza. Ndipo aliyefunzwa kazi hiyo akaketi na waliomuuguza marehemu: homa ilianza lini, alikohoa, alipelekwa wapi. Ilibidi iwe hivyo, kwani wengi walifia nyumbani, na daftari la hospitali halimjui aliyefia kwenye mkeka wake.

Kazi hiyo ilikuwa sehemu ya mradi wa TEHIP, wa Wizara ya Afya pamoja na shirika la utafiti la IDRC la Kanada, katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Bajeti za afya za wilaya wakati ule zilirithiwa: ya mwaka jana inanakiliwa, inaongezwa chumvi kidogo. Takwimu zilipochorwa kwenye chati, ugonjwa upande huu na fedha upande ule, aibu ikaonekana kwa macho. Morogoro, malaria ilikuwa ikipora kiasi cha asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyopotea, ilhali mwaka 1996 ilitengewa asilimia 5 tu ya bajeti. Waganga wakuu wa wilaya hawakuhitaji mhadhara. Fedha zilihamia kwenye vyandarua na kwenye kuwafunza wahudumu wa zahanati kumtibu mtoto kwa ujumla wake badala ya homa peke yake. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka uliofuata.

Lakini kilichonileta mimi ni degedege, mtukutiko wa watoto wenye malaria kali. Mijini tulishazoea kusema watu wa pwani wanapoteza watoto kwa kung'ang'ania waganga wa kienyeji. (Nami nimewahi kuyasema hayo, tena kwa kujiamini.) Mahojiano ya wafiwa yakatuumbua: kati ya waliouawa na malaria, karibu wanne katika kila watano walikuwa wametafutiwa kwanza tiba ya kisasa. Mama alikwishafika zahanati, au alikwishanunua dawa dukani. Na dawa yenyewe kwa kawaida ilikuwa klorokwini, ambayo vimelea walikwisha kuizoea. Mwaka 2001 Serikali iliiondoa kama dawa ya kwanza ya malaria nchini, ikaweka dawa iitwayo SP.