Asili ya Chai na Majina Yake Unguja

Kwa miaka mingi tuliwafundisha watoto ya kuwa chai ililetwa Unguja na Waingereza. Siku moja mtoto akatuuliza, "Mwalimu, mbona basi hatusemi ti kama wao?" Tukanyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu.

Jibu limo katika neno lenyewe. Mti wa chai asili yake ni Uchina na nchi zipakanazo nayo, na Wachina wana matamko mawili. Watu wa Amoy husema te. Waholanzi walilichukua neno hilo kwa njia ya bahari katika karne ya 17, na Waingereza wakalipokea. Wachina wa pande nyingine husema cha. Nalo likaenda kwa misafara ya nchi kavu hata Uajemi, huko likapata i mwishoni, na Wahindi wengi husema vivyo hivyo. Waarabu huandika shai, maana herufi zao hazina ch. Kwa hiyo twaona ya kuwa neno letu lilitoka vinywani mwa Wahindi au Waajemi, waliokuja na majahazi ya kaskazi. Hata upishi washuhudia: maziwa, sukari na majani huchemshwa pamoja, na iliki na tangawizi, kama ilivyo desturi ya Bara Hindi.

Chai isiyo na maziwa huitwa chai ya mkandaa, kwa wekundu wake, mfano wa maji yaliyorowekwa gome la mkandaa wa pwani. Jina hili latupendeza kuliko "chai kavu". Maji yatakuwaje makavu?

Lakini jina laweza pia kupoteza. Watoto wetu hudhani majani ya chai hutoka katika mchaichai. Si ajabu, kwani mti wenyewe hawajauona: wapenda milima yenye baridi na mvua, kama Usambara, ambako Wajerumani waliujaribu huko Amani mwanzoni mwa karne ya 20. Mchaichai ni nyasi tu. Neno limerudiwa kuonyesha mfano, kama tusemavyo majimaji, yaani kitu kilicho kama maji. Tusiwacheke. Linnaeus, mwanachuoni mkuu wa mimea, mwaka 1762 aliandika ya kuwa chai nyeusi na chai ya kijani ni mimea miwili, kumbe ni mmoja: jani likipashwa moto upesi hubaki kijani, likifikichwa na kuachwa hewani huwa jeusi.

Yule aliyetuuliza sasa naye ni mwalimu, kaskazini ya kisiwa. Twahofu angali akifundisha kama alivyosikia kwetu. Na jibu tulilomnyima siku ile ndilo hili.