Mtonesho katika Michanganyiko ya Gesi chini ya Kanieneo Kubwa: Kutoka Leiden hadi Ntorya, 1892–2024

Karl Weule, aliyekaa Newala na Mahuta mwaka 1906, aliandika juu ya watu walioishi kwenye uwanda usio na maji. Maji yalifuatwa mabondeni, chini ya magenge, hadi mradi wa miaka ya 1950 ulipoanza kuyasukuma juu. Hewani, hata hivyo, maji yalikuwapo: alfajiri ya kipupwe majani ya mikorosho ya Tandahimba hulowa umande. Kanuni ya John Dalton ya mwaka 1801 inatosha kuueleza umande huo. Katika mchanganyiko wa gesi wenye kanieneo ndogo, kila gesi hujiendea kana kwamba nyingine hazipo. Mvuke ukipoa vya kutosha, hugeuka kimiminika. Insha hii inahusu mahali ambapo kanuni hiyo huvunjika, nayo inadai kwamba historia ya gesi ya Mtwara haisomeki sawasawa bila kuuelewa uvunjikaji huo.

Mwaka 1869 Thomas Andrews alionyesha kwamba kabonidayoksaidi haiwezi kugeuzwa kimiminika kwa kukandamizwa pekee ikiwa jotoridi lake limezidi takriban nyuzi 31 za Selisiasi. Hilo lilihusu gesi moja. Mwaka 1880 Louis Cailletet alikandamiza mchanganyiko wa kabonidayoksaidi na hewa, akaona jambo la ajabu: kimiminika kilichokwisha kujitenga kilitoweka kanieneo ilipoongezwa zaidi. Maelezo yalichelewa. Johannes van der Waals alitoa nadharia yake ya michanganyiko mwaka 1890, na miaka miwili baadaye J. P. Kuenen, akifanya kazi Leiden katika maabara ya Kamerlingh Onnes, alithibitisha kwa majaribio kile alichokiita mtonesho wa kinyume. Ufunguo wa mafanikio yake ulikuwa kifaa kidogo: kikorogeo kilichoendeshwa kwa sumaku ndani ya mrija uliofungwa. Watangulizi wake hawakukoroga, na mchanganyiko usiokorogwa huchelewa kufikia msawazo, hivyo humdanganya mtazamaji.

Kiini cha jambo ni hiki. Kanieneo ikiwa kubwa sana, molekuli za gesi nyepesi kama methani husongamana kiasi cha kuzivuta molekuli nzito na kuzishikilia, karibu kama kiyeyushi kinavyoshikilia chumvi. Kanieneo ikipungua, uwezo huo hufifia na hidrokaboni nzito hujitenga zikawa kimiminika. Kwa hiyo mtonesho hutokea pale ambapo mtu angetarajia uvukizi. Kanieneo ikiendelea kushuka, kimiminika huanza kuvukiza tena kama kawaida. Hali hiyo hupatikana tu jotoridi likiwa kati ya nukta mahututi ya mchanganyiko na kiwango cha juu kabisa ambacho kimiminika kinaweza kuwapo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wahandisi wa Marekani walikwisha kuona hasara yake: kimiminika kikijitenga ndani ya mwamba, hunasa katika vitundu vyake na kubaki huko. Dawa yao ilikuwa kurudisha gesi kavu ardhini ili kanieneo isishuke.

Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na katika visima vyote viwili sehemu kubwa kabisa ilikuwa methani. Gesi ya namna hiyo haina mengi ya kutonesha. Labda ndiyo maana mjadala wa Mtwara uliofikia ghasia za Januari na Mei 2013, kuhusu bomba la kuelekea Dar es Salaam, uliizungumzia gesi kama kitu kimoja kinachobaki au kinachoondoka. Swali lilikuwa la haki, na halikuhitaji fizikia. Lakini mwaka 2012, mjadala ukiwa unapamba moto, kisima cha Ntorya-1, katika mkoa huohuo, kilijaribiwa na kutoa takriban futi za ujazo milioni 20 za gesi kwa siku, pamoja na mapipa 139 ya kondenseti.

Hayo ni kama mapipa saba kwa kila futi za ujazo milioni moja, kiasi kidogo kwa vipimo vya wahandisi. Ni kosa kukitaja kama ushahidi wa mtonesho wa kinyume. Gesi inaweza kubaki gesi tupu mwambani maisha yake yote na kutonesha tu inapopanda kisimani, ikipoa na kupitia koki. Idadi ya mapipa yanayopimwa juu ya ardhi haitenganishi hali hizo mbili. Kinachozitenganisha ni jotoridi la mwamba likilinganishwa na mipaka ya mchanganyiko wenyewe, na hilo hupimwa kwa sampuli iliyorudishwa maabarani katika kanieneo yake ya asili. Kikorogeo cha Kuenen bado kina wajukuu katika maabara hizo.

Ntorya-2 ilijaribiwa mwaka 2017, na mwaka 2024 Serikali ikatoa leseni ya uendelezaji ya miaka 25. Gesi imepangwa kupelekwa Madimba, na kutoka huko kuingia katika bomba la inchi 36 lililozinduliwa mwaka 2015. Vimiminika lazima viondolewe kabla ya safari hiyo: katika mamia ya kilomita kanieneo hushuka na gesi hupoa, na chochote kinachotonesha njiani hukusanyika mahali bomba linapoinama.