Rumba isiyo na gitaa

Najua nimeadimika, majaribio yamepamba moto na bumu nalo ndiyo hivyo tena mnalijua. Leo naomba niwawekee historia kidogo, maana wiki nzima vimbweteni tumebishana rumba ni ya nani. Wengine Kongo, wengine Kuba. Mimi nasema tuanzie kwenye mji mmoja unaitwa Matanzas.

Matanzas ni bandari ya Kuba, kama kilomita 100 mashariki ya Havana. Karne ya 19 eneo lile lilijaa mashamba ya miwa, na waliokata miwa hiyo ni Waafrika waliouzwa utumwani. Kulikuwa na Wayoruba, ambao kule waliitwa Lucumí, watu wa Dahomey, watu wa Calabar, na wengi kutoka Kongo. Novemba 1843 watumwa wa shamba la Triunvirato waliasi, na miongoni mwa viongozi wao anakumbukwa mwanamke aitwaye Carlota. Mwaka 1844 watawala wa Kihispania walikamata, wakachapa mijeledi na kuua watu weusi kwa wingi, watumwa na walio huru. Utumwa ulikuja kufutwa kabisa mwaka 1886.

Sasa jiulize, katika hali ile ngoma zilipona vipi? Kulikuwa na vyama vikiitwa cabildo. Humo Waafrika wa asili moja walikutana siku za mapumziko, wakazikana, wakachangiana, wakapiga ngoma zao. Ndiyo maana hata neno "ngoma" lipo Kuba mpaka leo, na maana yake ni ngoma hii hii yetu. Lilikwenda na Wakongo, ambao lugha yao na Kiswahili ni ndugu wa Kibantu.

Rumba ilizaliwa kwenye mitaa ya watu hao, Matanzas na Havana. Na hiyo rumba haina gitaa kabisa! Ni sauti za watu, vijiti viwili vya kugonganisha, na ngoma tatu. Mbili zinashika mwendo. Ya tatu ni ndogo, sauti yake kali, inaitwa quinto, na hiyo ndiyo inayoongea na mchezaji. Ngoma zilipokosekana walipiga masanduku ya mbao. Michezo ni mitatu. Yambú inakwenda taratibu, mwendo wa kizee. Guaguancó mwanamume anamwinda mwanamke, naye anajikinga kwa sketi yake. Columbia ni ya kasi, na kwa desturi mwanamume huingia peke yake akashindana na quinto.

Mwaka 1952 vijana wa Matanzas wakaanzisha kundi, Guaguancó Matancero, wakiongozwa na Florencio Calle. Wimbo wao mmoja kuhusu vikatuni vya gazetini ulipendwa mno, mpaka watu wakaanza kuwaita Los Muñequitos de Matanzas, yaani wale wa vikatuni. Jina likaganda. Waanzilishi walizeeka, lakini kundi halikuzeeka nao, kwa sababu nafasi zao zilishikwa na watoto wa nyumbani na mtaani. Diosdado Ramos, aliyeliongoza kwa miaka mingi, alicheza jukwaa moja na wanawe. Mwaka 1992 walikwenda Marekani kuonyesha ngoma zile zile za mtaani kwao.

Je, Kongo inaingia wapi? Kuanzia miaka ya 1930 sahani za santuri za G.V. zilileta muziki wa Kuba Afrika. Sehemu kubwa ilikuwa muziki wa son, wenye nyuzi, ila madukani ukaitwa rumba. Watu wa Léopoldville, Kinshasa ya leo, wakauchukua, wakautia magitaa na Kilingala, na bendi zikauleta mpaka Nairobi na Dar. UNESCO iliiandikisha rumba ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021. Kwa hiyo wabishi wa vimbweteni wote mna haki yenu, ila mnazungumzia rumba mbili tofauti.

Kinachonigusa mimi kama mwalimu mtarajiwa ni hiki. Tukiingia darasani tutafundisha biashara ya utumwa kwa sababu na athari zake, hoja sita sita za mtihani. Mwanafunzi atatoka akiamini wale watu walifika ng'ambo mikono mitupu. Si kweli. Walibeba vitu ambavyo mwenye shamba hakuweza kuwavua, na wajukuu zao bado wanavipiga.

Halafu tujitazame na sisi. Kwetu ngoma za wazee zinatoka mgeni rasmi akija, akiondoka zinarudishwa stoo. Matanzas hawakusubiri mgeni wala cheti cha UNESCO. Walikuwa wanapiga zaidi ya miaka 60 kabla cheti hakijafika, kwenye nyumba zao, watoto wakiwa hapo hapo wanasikia. Cheti hakiwezi kumfundisha mtoto kupiga quinto. Anayeweza ni mjomba wake, tena kwa kurudia jioni baada ya jioni.

Sindimba, mdundiko, gombe sugu, kila mtu ana ya kwao. Likizo inakuja, wengi mnarudi makwenu. Swali langu ni moja tu: nani pale nyumbani anaijua vizuri, na anamfundisha nani? Niandikieni majibu mkirudi. Tuko pamoja.