Watoto Waliosoma Mbali na Kwao

Jimbo letu la Geita lilizaliwa mwaka wa 1984, likitoka katika Jimbo la Mwanza. Wakati huo kazi ya kuwafundisha watoto vipofu na viziwi ilikuwa imekwisha kuanza, lakini mbali nasi. Waanglikana walifungua shule ya vipofu Buigiri, karibu na Dodoma, mwaka wa 1950. Kanisa Katoliki likafungua ya viziwi Tabora, mwaka wa 1963. Walimu wa kazi hiyo wakafunzwa Patandi, upande wa Arusha. Basi mtoto wa kwetu aliyehitaji elimu hiyo hakuwa na budi kusafiri.

Kisha wakaja wauaji. Tangu mwaka wa 2007 hivi, watu wenye ualbino waliwindwa katika nchi za kandokando ya Ziwa, kwa ajili ya uganga wa kutafuta mali. Nasi twaona haya kusema ya kuwa uganga huo ulisadikiwa hata migodini. Watoto wengi walikimbizwa hata Buhangija, Shinyanga, katika shule iliyokuwa ya vipofu. Uhai wao ukaokoka. Walakini watoto hao si vipofu! Huona, ila kwa shida: wahitaji maandishi makubwa, nafasi karibu na ubao, na kofia ya kuwakinga na jua. Hayo hata shule ya kijiji yaweza kuyatoa, ikiwa mwalimu amefundishwa na majirani hawamwindi mtoto. Wengine walikaa Buhangija miaka mingi, na wazazi wao hawakuja kuwatazama.