Ungenunua ipi mwaka 2004? Vita vya fomati za muziki wa mfukoni

Tuseme ni Desemba 2004. Uko Marekani, umejibana miezi kadhaa, mfukoni una dola 300 na ushee, na mbele yako kuna kabati la kioo limejaa vicheza muziki. Muuzaji anakuuliza unataka rangi gani. Swali si baya, ila swali lenye uzito limejificha nyuma ya boksi, kwa maandishi madogo: MP3, WMA, AAC, ATRAC3, Ogg Vorbis. Ukikosea rangi utaizoea. Ukikosea hizo herufi, miaka minne baadaye unaweza kujikuta una nyimbo ulizolipia ambazo hakuna mashine inayokubali kuzicheza.

Twende polepole, tuanze na hesabu. CD ya kawaida hupima wimbi la sauti mara 44,100 kila sekunde, kila kipimo kina biti 16, na kuna njia mbili, kushoto na kulia. Zidisha: biti 1,411,200 kwa sekunde. Dakika moja inakula zaidi ya megabaiti 10. Leo hiyo ni kitu kidogo, lakini kicheza muziki cha Diamond Rio PMP300 kilichotoka mwaka 1998, kwa dola 200 hivi, kilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Yaani dakika tatu za CD. Wimbo mmoja, betri moja ya kalamu, basi.

Kilichoiokoa Rio ni kwamba mtu alikuwa ameshajua namna ya kutupa sehemu kubwa ya sauti bila wewe kugundua. Ujerumani, katika Chuo Kikuu cha Erlangen, Profesa Dieter Seitzer alitaka kupitisha muziki kwenye laini ya simu. Aliomba hataza, akaambiwa haiwezekani. Akampa kazi hiyo mwanafunzi wake wa udaktari, Karlheinz Brandenburg. (Wenzangu mnaohangaika na tasnifu, vuteni pumzi: kuna tasnifu zinazofika mbali.) Brandenburg na wenzake, pamoja na taasisi ya Fraunhofer ya mji huohuo, hawakuanza na kompyuta. Walianza na sikio.

Sikio letu lina udhaifu. Upo kwenye daladala, jirani anakunong'oneza jambo, dereva anapiga honi. Midomo ya jirani unaiona inacheza lakini husikii kitu, na hata sehemu ndogo ya sekunde baada ya honi kunyamaza bado husikii sawasawa. Sauti kubwa hufunika sauti ndogo iliyo karibu nayo kwa masafa au kwa wakati. Sasa kama hutaisikia, ya nini kuihifadhi? Programu hukata muziki vipande vifupi, inakadiria katika kila kipande ni nini kitafunikwa, halafu inatumia biti zake kwa kile utakachosikia. Kwa kilobiti 128 kwa sekunde unabaki na kama sehemu moja ya 11 ya CD. Ile Rio ya dakika tatu ikawa ya nusu saa.

Haikwenda kirahisi. Brandenburg alisoma kwenye jarida kwamba watu hujaribia spika kwa wimbo wa Suzanne Vega, "Tom's Diner", ambao ni sauti ya mwanamke peke yake bila ala. Akaupitisha kwenye mfumo wake, na sauti ikatoka mbovu kabisa. Sauti tupu haina pa kuficha makosa, kwa sababu hakuna gitaa wala ngoma ya kuyafunika. Aliurudia wimbo huo mara nyingi mno, akirekebisha kidogo kidogo. Mtihani mwingine mgumu ulikuwa ala za kugonga. Ukichukua mlio mkavu unaoanza ghafla, kosa la ukokotoaji husambaa kwenye kipande kizima, hata *kabla* ya mgongo wenyewe, na unasikia kama mtu anavuta pumzi kabla ya kupiga. Dawa yake ni kukata vipande vifupi zaidi pale mlio unapoanza. MP3 hushuka kutoka sampuli 576 hadi 192. AAC, iliyokuja baadaye ikijua makosa ya kaka yake, hushuka hadi 128, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya AAC iwe safi zaidi kwa biti zilezile. Ukitaka kulisikia kosa hilo, chukua wimbo wenye kayamba, ubane hadi kilobiti 64, vaa spika za masikioni.

Kiwango kikakubaliwa mwaka 1992. Jina la mkia wa faili, .mp3, lilichaguliwa kwa kura ya ndani ya Fraunhofer tarehe 14 Julai 1995. Mpango ulikuwa kuuza kwa bei nzuri programu ya kutengenezea faili hizo, na ya kuchezea kwa bei ndogo. Brandenburg mwenyewe amesimulia kilichotokea: mwanafunzi mmoja wa Australia aliinunua ile ya bei mbaya kwa kadi ya benki ya wizi, akaifumua, akaisambaza bure mtandaoni. Baada ya hapo kulikuwa hakuna kurudi nyuma. Makampuni ya muziki ya Marekani yalikimbilia mahakamani mwaka 1998 kuizuia Rio, na Juni 1999 mahakama ya rufaa ikayakatalia.

Sasa turudi dukani kwako, mwaka 2004, tulitazame kabati vizuri.

iPod ya gigabaiti 20 inasema inabeba nyimbo 5,000. Pembeni yake Sony NW-HD1, nayo gigabaiti 20, inasema nyimbo 13,000! Usishtuke. Diski ni ileile. Apple walihesabu kwa kilobiti 128, Sony kwa kilobiti 48 za ATRAC3plus. Gawanya mwenyewe: megabaiti 4 kwa wimbo upande mmoja, megabaiti moja na nusu upande wa pili. Kwa maoni yangu huo ulikuwa ujanja wa boksi tu, maana mtu anayetoa pesa zote hizo hanunui ili asikilize muziki uliobanwa mpaka kilobiti 48.

Lakini tatizo kubwa la kifaa hicho cha Sony lilikuwa jingine. Hakikucheza MP3. Faili zako zote ilibidi zipite kwenye programu ya kampuni, zigeuzwe ATRAC, ndipo ziingie. Umewahi kutoa fotokopi ya fotokopi? Ya kwanza inasomeka, ya tatu herufi zimeanza kuota ndevu. Ndivyo ilivyo kugeuza sauti iliyobanwa kwenda fomati nyingine iliyobanwa: MP3 ilishatupa vyake, ATRAC inatupa vyake tena, na cha kwanza hakirudi. Kinachouma ni kwamba hawa ndio waliouza Walkman, watu ambao jina la bidhaa yao liligeuka jina la kitu chenyewe hadi huku kwetu. Ila Sony pia walikuwa na kampuni ya kurekodi muziki, na nyumba yenye duka na mlinzi wa duka kwa pamoja hupata taabu kuamua mlango uwe wazi kiasi gani. Mwishoni mwa 2004 wakalegeza, vifaa vyao vikaanza kucheza MP3 moja kwa moja. Jamaa wa iPod walikuwa wameshawatangulia kwa miaka mitatu.

iPod nayo ilikuwa na kufuli lake. MP3 ilicheza vizuri, lakini wimbo ulionunua kwenye duka la iTunes, lililofunguliwa Aprili 2003 kwa senti 99 kila wimbo, ulikuja kama AAC iliyofungwa. Haukufunguka kwenye kifaa cha kampuni nyingine. Ukinunua nyimbo 200, umejifunga kwa karibu dola 200 zaidi ya bei ya kifaa, maana ukihamia kwingine unaziacha.

Upande wa tatu wa kabati kuna vifaa vingi vya makampuni mbalimbali, vyote vina nembo ya Microsoft isemayo PlaysForSure, yaani vinacheza kwa hakika. Fomati ni WMA, maduka ni mengi, vifaa ni vingi, bei zinashindana. Mimi ningekuwa pale, na nikiwa mkweli kwenu, ningechukua hiki. Hoja ilikuwa nzuri: usitegemee kampuni moja. Kumbe ufunguo ulikuwa wa kampuni moja vilevile. Novemba 2006 Microsoft wakatoa kifaa chao wenyewe, Zune, na Zune haikucheza nyimbo za PlaysForSure. Aprili 2008 wakawatangazia waliowahi kununua kwenye duka lao la MSN Music kwamba kompyuta zinazotoa vibali zitazimwa mwisho wa Agosti. Kwa vitendo maana yake ilikuwa hii: wimbo wako utaendelea kucheza kwenye kompyuta uliyonayo, ila siku ukinunua kompyuta mpya, hakuna wa kukupa kibali. Watu wakapiga kelele, muda ukasogezwa hadi 2011. Ulisogezwa tu.

Na pale chini kabisa ya kabati, karibu na sakafu, kulikuwa na vifaa vya iRiver, na Rio Karma ya mwaka 2003, vinavyocheza kitu kiitwacho Ogg Vorbis. Fomati hii ilizaliwa kwa hasira. Mwaka 1998 Fraunhofer walianza kuwaandikia barua waliotengeneza programu huru za MP3 wakitaka ada. Kijana aitwaye Christopher Montgomery akaamua kuunda fomati isiyo na hataza ya mtu, na toleo la kwanza kamili likatoka Julai 2002. Kwa sauti ilikuwa nzuri kuliko MP3, na bure. Mbona basi haikushinda? Sababu moja ni ya uhandisi, na huwa inasahauliwa. Vichipu vya vifaa vidogo wakati ule vingi havikuweza kukokotoa namba zenye desimali kwa haraka, na programu ya Vorbis ilizitegemea, hadi ilipotoka nyingine iitwayo Tremor inayotumia namba kamili tu. Hata hapo ilikula betri zaidi. Mtengenezaji akipiga hesabu, ada ya MP3 ilikuwa senti 75 kwa kifaa, na wateja wanaoijua Ogg walikuwa wachache. Akalipa senti 75, akalala.

Kwa hiyo jibu ni lipi? Ukiniuliza leo, kifaa hakikuwa na uzito sana. Aliyenunua iPod, iRiver au chochote, akajaza MP3 alizotengeneza mwenyewe kutoka kwenye CD zake, bado ana muziki wake. Duka la iTunes lilianza kuondoa kufuli mwaka 2007 kwa nyimbo za EMI, na 2009 kwa zote. Hataza za MP3 zilikwisha muda, na Aprili 2017 Fraunhofer wakafunga mpango wa leseni. Magazeti kadhaa yakaandika kwamba MP3 imekufa. Ilikuwa kinyume chake: ndiyo kwanza imekuwa ya kila mtu.

Huku nyumbani maduka hayo hatukuwa nayo, kwa hiyo vita vile tulivipata kwa mlango wa nyuma. Kaka yangu alinunua Kariakoo kifaa kidogo kilichoandikwa MP4, aina ile iliyokuja kwa wingi kutoka China, na kwa miaka tuliamini MP4 ni MP3 iliyoongezewa skrini. Si kweli. Video zake zilikuwa za fomati ya AMV, ambayo kompyuta ya kafe haikuijua. Nyimbo ziliingia vizuri tu, za MP3 na za WMA, tulizoea kujaza taarabu na bongo fleva mpaka kikatae.

Kilikuwa pia na sehemu ya kurekodi. Siku moja kaka alikiweka mezani Tanga, bibi akasimulia safari yake ya treni kutoka Tanga hadi Moshi akiwa msichana. Dakika 11. Bibi alifariki mwaka uliofuata, kifaa kikafa baadaye, na faili tukabaki nayo: kilobaiti 660 hivi, mkia wake .act. Hakuna kilichoifungua. Kompyuta ilisema haiitambui, simu ilikataa, fundi mmoja alitushauri tubadilishe mkia uwe .mp3, jambo ambalo ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi.

ACT ni fomati ya sauti ya kuongea tu, kilobiti 8 kwa sekunde, sampuli 8,000, ubora wa simu ya mezani. Ndani yake kuna mbinu ya kubana inayofanana na ile ya simu, G.729. Nilikuja kujua hayo nikiwa chuoni, pale nilipoona programu huria ya FFmpeg ina msimbo wa kuisoma. Kuna mtu mahali fulani alikaa akaichambua fomati hiyo baiti kwa baiti, bila shaka kwa sababu naye alikuwa na faili yake.

Niliandika amri ya mstari mmoja. Sauti imebanwa vibaya, herufi "s" zote zinakoroma, na kwenye dakika ya nne jogoo anawika juu ya sentensi ambayo hatutaijua kamwe. Kisha bibi anarudi, anasema treni ilisimama Korogwe, wakanunua machungwa.