Kuanguka kwa Wazee na Hali ya Akili

Kuanguka kwa wazee ni tukio la mtu wa umri mkubwa kujikuta chini bila kukusudia, awe amejikwaa, ameteleza au amepepesuka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka kutokana na kuanguka, na walio katika hatari kubwa zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Lawama huangukia miguu, macho na sakafu yenye maji. Akili huulizwa mara chache mno, ilhali ndiyo inayoongoza kila hatua.

Mwaka 1997 Lillemor Lundin-Olsson na wenzake wa Umeå, Uswidi, walichapisha uchunguzi wa wazee 58 waishio katika makazi ya kutunzia wazee. Mzee alitembea na mtu pembeni yake, kisha akasemeshwa njiani. Wazee 12 walisimama kwanza ndipo wakajibu. Ndani ya miezi sita, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameanguka. Kijana hutembea huku akipiga soga bila kuhisi mzigo wowote. Ubongo uliochoka hulazimika kuchagua moja.

Mwenye ugonjwa wa kusahau, yaani dimensia, hukadiria vibaya kimo cha ngazi, huacha mkongojo kitandani na huamka usiku kwenda msalani gizani. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni jambo jingine: mzee aliyekuwa timamu jana, leo anaweweseka na kuanguka, huenda ana nimonia au maambukizi ya mkojo, na anapaswa kufikishwa hospitali siku hiyohiyo.

Sonona huja kimyakimya zaidi. Mzee hula kidogo, misuli hupungua, usingizi hukatika, hatua huwa fupi na nzito. Dawa nazo zina sehemu yake. Amitriptilini, dawa ya sonona, huweza kushusha presha mtu anapoinuka, na dayazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi, hukawia siku kadhaa katika mwili wa mzee. Kuziacha ghafla, hata hivyo, ni hatari. Daktari ndiye wa kuzipunguza taratibu.

Hofu ya kuanguka hustahili uzito zaidi kuliko inavyopewa. Baada ya kuanguka mara moja, bibi haendi tena sokoni wala msibani. Wajukuu humwambia, “Kaa tu bibi, nitakuletea,” kwa upendo wa kweli kabisa, lakini kiti hicho humnyima nguvu za mapaja na mazungumzo ya majirani. Upweke huongezeka, na hatari ya kuanguka tena vilevile.

Hatari hiyo hupungua ikishughulikiwa. Jaribio la Mary Tinetti na wenzake wa Chuo Kikuu cha Yale, lililochapishwa mwaka 1994, lilirekebisha dawa, likafundisha mazoezi na kuondoa vikwazo nyumbani. Katika mwaka mmoja walianguka asilimia 35 ya wazee waliohudumiwa hivyo, dhidi ya 47 ya kundi la kulinganisha.

Kutambua tatizo la akili mapema hakuhitaji kisomo cha mgonjwa. Kipimo cha dimensia kiitwacho IDEA, kilichotumika wilayani Hai, Kilimanjaro, ambako wazee wengi hawakupata shule, humtaka mzee apange njiti za kiberiti kwa kufuata umbo aliloonyeshwa. Kliniki inayompokea mzee aliyeanguka inaweza kumpima hivyo, ikamuuliza kuhusu usingizi, huzuni na hofu, na ikaomba kuona dawa zote anazotumia, zikiwemo alizonunua mwenyewe dukani.